Nafasi ya utafiti imeota mbawa: mwenye F-1 (visa ya mwanafunzi Marekani) nifanyeje?

Binti Uyole (Ohio):
Shikamooni wakubwa. Nasoma sayansi ya mazoezi na afya, mwaka wa tatu. Profesa alinichagua niingie maabara yake kiangazi hiki, tupime mwendo wa wazee: wanavyokanyaga, goti linavyokunja. Hadi mafunzo ya CITI, yale ya maadili ya kutafiti watu, nimemaliza. Jana ofisi inaniambia fedha ni za REU, mpango wa NSF (mfuko wa sayansi wa serikali ya Marekani) wa kuwaingiza wanafunzi kwenye utafiti, wanalipwa raia na wenye green card tu. Profesa anasema basi nije bure. Je, kujitolea kazi ambayo wenzangu wanalipwa hakutaniharibia F-1?

Mwana Kihesa (Texas):
Kamwene. Pole mdogo wangu, REU ndivyo ilivyo, usigombane na ofisi. Mwambie profesa atafute mfuko mwingine, wanao hao. Mimi muhula mzima niliosha barakoa za VO2max, kile kipimo cha oksijeni mtu anapofanya mazoezi makali, mate ya watu, ndipo nikaruhusiwa kumpima mtu. Omba CPT, kibali cha kazi ya mafunzo ukiwa bado masomoni.

Mkuu wa Makambako (Minnesota):
CPT ya nini? Maabara ya chuo, mlipaji chuo, hiyo ni kazi ya ndani. Saa 20 kwa wiki masomo yakiendelea, likizo hata zaidi. Na CPT ya kutwa ikifika miezi 12, OPT (kibali cha kazi ya vitendo, wengi hukitumia baada ya kuhitimu) ya ngazi hiyo imekwenda. Tusipotoshe watoto wa watu.

Mwana Kihesa:
Nilimaanisha aulize kwa DSO wake, afisa wa chuo wa wanafunzi wa kigeni. Mbona unafoka?

Dada wa Tukuyu (Leeds):
Mdogo wangu, fikiria kwenda kupima nyumbani. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya bahari, na wabeba viazi wa Uyole wanapandisha gunia kichwani huku wanapiga soga. Maabara gani itakupa mapafu kama yale? Ila IRB, kamati ya maadili ya utafiti ya chuo chako, haitoshi. Kuna kibali cha maadili cha NIMR (taasisi ya utafiti wa magonjwa), kuna kibali cha utafiti cha COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia), na sampuli ya damu haitoki nchini bila MTA, mkataba wa kuhamisha sampuli. Fomu ya ridhaa iandike Kiswahili mapema, cha kueleweka na mama wa sokoni.

Mkuu wa Makambako:
Mtoto kauliza visa ya Marekani, dada unampeleka Uyole.

Dada wa Tukuyu:
Si ndiko kwao?

Mwana Kihesa:
Yeye heri, bado ana pasi ya Tanzania, COSTECH anaingia kama Mtanzania. Sisi tuliobadilisha tunajaza fomu za mgeni, na kitovu kimezikwa Iringa. Uraia pacha wameukataa, wametuletea hadhi maalumu. Hadhi maalumu inapiga kura?

Mkuu wa Makambako:
Ulipokula kiapo hukujua? Sheria ilikuwepo.

Dada wa Tukuyu:
Siasa zenu pelekeni kwenye ulanzi. Kuna anayepitia Kyela kabla ya kuja Uingereza? Naomba mchele kilo 5, nalipia mzigo.

Mkuu wa Makambako:
Masharti ya forodha ya huko umeyasoma?

Dada wa Tukuyu:
Sijakuomba wewe.