Vifaa vya kusomea vitabu: tubaki na programu ya kiwandani au tuweke KOReader?

Wakuu, heshima kwenu. Hapa Dar wengi wanashikilia kwamba Kindle ya Amazon au Kobo ikishatoka kiwandani na programu yake, usiiguse. Mimi napinga kabisa: weka KOReader, programu nyingine ya kusomea unayojiwekea mwenyewe.

Wengi wetu tunasoma madesa ya chuo, PDF za A4, nyingine zimeskaniwa kwa simu kwenye stationery za karibu na Mlimani. Lifungue desa hilo kwa programu ya Kindle kwenye skrini ya inchi 6. Herufi ni ndogo mno, ukikuza mstari unatoka nje, unasogeza kulia, ukirudi kushoto umeshapoteza ulipokuwa. KOReader inakata kingo nyeupe, kisha inaupanga ukurasa upya maneno yaingie kwenye upana wa skrini, hata kama ukurasa wenyewe ni picha. Na ni bure. EPUB, aina ya faili za vitabu vya kidijitali, nayo inafunguka palepale, wakati kwenye Kindle ukiiweka kwa waya haifunguki mpaka uibadilishe au uitume kupitia Amazon, bando likatike.

— Mkuu, la PDF nakubali. Ila umechanganya vifaa viwili. Kwenye Kobo, KOReader inakaa pembeni ya programu ya asili, unachagua ya kufungua. Kindle lazima uvunje ulinzi wake kwanza, na sasisho likijiingiza usiku linaweza kukuzibia njia. Halafu vitabu vya kununua vyenye kufuli ya DRM, yaani ile ya muuzaji ya kuzuia kunakili, KOReader haivifungui. Bi mkubwa wangu ananunua riwaya zake, anasoma kwa raha. Nimsumbue ya nini?

Bi mkubwa asiguswe, hapo uko sahihi. Lakini hiyo kufuli ndiyo inayonikera. Tarehe 26 Februari 2025 Amazon iliondoa njia ya kupakua vitabu ulivyonunua kwenye kompyuta na kuvihamisha kwa USB. Hela umetoa wewe, anayeamua ni mwingine. Kwangu mwenye kifaa ndiye awe na neno la mwisho kuhusu kinachokaa ndani yake.

Anayeagiza sasa kwa ajili ya madesa, achukue Kobo. Mwenye Kindle tayari aangalie kwanza namba ya toleo la mfumo wake, maana si kila toleo linavunjika, na azime Wi-Fi lisije likajisasisha kabla hajaamua.