Mkataba wa betri ya nyumbani, Chake Chake: nielewesheni kabla sijatia saini

Mkarafuu
Assalamu alaykum. Nimeletewa mkataba wa betri ya lithiamu ya volti 51.2, Ah 100, na inveta ya kilowati 5, kulipa miezi 36. Nyumbani kuna friji, feni mbili, taa sita, televisheni na pampu ya kisima ya hosipawa 1. Itachajiwa kwa umeme wa tukuza (mita ya kulipia kabla), sola hakuna. Vinavyonitatiza: "waranti miaka 10 au MWh 12, kitakachotangulia", "asilimia 70" na "usafiri ni juu ya mteja".

Fundi Lithiamu
Waalaykumu salaam ndugu yangu. 51.2 mara 100 ni wati-saa 5,120, yaani uniti 5.12. Usiikaushe, chukua asilimia 90, na inveta nayo inakula kama sehemu ya kumi. Kwenye soketi zinafika uniti 4 na kidogo. Friji wastani wati 60, feni 120, taa 54, televisheni 80: kama wati 315, basi saa 13 unazipata. Pampu iache nje. Ikishatembea inakula karibu kilowati 1, lakini inapowaka huvuta mara tatu hadi sita kwa muda mfupi, na ikigongana na friji inveta inaweza kujizima. Jaza tangi umeme ukiwepo.

MWh 12 ni uniti 12,000. Betri ikitoa uniti 4.6 kila siku, zinakwisha kwa siku 2,600 hivi. Hiyo ni miaka 7, wala si 10! Ukiitumia umeme ukikatika tu, miaka 10 ndiyo itatangulia.

Bi Msuka
Hapo kwenye MWh pana mtego. Inveta nyingi zikiwekwa kwenye mpangilio wa UPS (wa kompyuta) hukataa umeme ulio chini ya volti 170 na kuhamia kwenye betri, hali taa za majirani zinawaka. Laini ikidhoofika kila jioni, waranti inaliwa bila umeme kukatika hata mara moja. Ukiiweka kwenye APL (mpangilio wa vifaa vya nyumbani) inapokea mpaka volti 90, ila friji itaumia, kwa hiyo weka stabilaiza kabla ya inveta.

Asilimia 70 maana yake betri ikichakaa ikabaki na uwezo wa kuhifadhi uniti 3.58 tu, bado wanaihesabu nzima. Iandikwe nani anapima na kwa kipimo gani.

Na usafiri usiuchukulie wepesi. Betri hiyo ina kilo 45 hadi 50. Kama karakana iko Unguja, itavuka kwa meli kwenda na kurudi kwa pesa yako. Dai fundi afike ndani ya siku kadhaa zilizotajwa kwa tarakimu, na malipo ya mwezi yasimame betri ikiwa kwao.

Mwana wa Wete
Kaka, uliza kama unaruhusiwa kuongeza sola baadaye bila kupoteza waranti. Pemba inapata umeme kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga tangu 2010. Unguja waya wake ulipoharibika ilikaa gizani tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010. Likitokea la namna hiyo, betri isiyo na sola ni ya usiku mmoja.

Kwa upande wa ZECO, shirika la umeme la Zanzibar: kila kitu kifungwe baada ya mita, lakiri isiguswe, na umeme wa inveta usirudi kabisa kwenye laini. Fundi aliye juu ya nguzo anaamini laini imekufa.

Mkarafuu
Ahsanteni sana. Kwenye karatasi ya vifaa wameandika waya wa betri milimita za mraba 16. Unatosha?

Fundi Lithiamu
Hautoshi. Kilowati 5 kwa volti 48, betri inapokaribia kwisha, ni ampia 104, na ukiongeza kinachopotea ndani ya inveta unafika 115. Waya wa 16 utapata moto kwenye vibanio. Wakuwekee wa 35, mfupi, usizidi mita 2, na fyuzi ya DC (umeme wa betri) ya ampia 125 karibu kabisa na betri. Wakikuletea saketi breka ya AC (umeme wa laini) kwa upande huo ikatae, kwani cheche ya DC haizimiki kirahisi ndani yake. Vipimo hivyo viandikwe kwenye mkataba wenyewe kabla ya saini.