Muvi ya mtu wa kawaida anayewindwa: Fugitive, Condor au ile ya Will Smith?

Kiwira Juu (mleta mada)
Wakuu, ugonile. Ijumaa nina muvi ya kuonyesha Tukuyu kwa projekta. Nataka ya raia tu, si askari wala komando, anajikuta anawindwa na wakubwa na kosa lake halijui. Nimebaki na tatu: The Fugitive (1993), Enemy of the State (1998) na Three Days of the Condor (1975). Jamaa wa library anataka jibu leo aniwekee kwenye flashi.

Mzee wa Kabwe
Unamwonyesha nani? Kibanda umiza au sebuleni kwako? Imetafsiriwa au haijatafsiriwa? Mnaleta nyuzi nusunusu halafu mnataka majibu kamili.

Binti Ipogolo
Kamwene wote. Fugitive, hakuna mjadala. Daktari anahukumiwa kifo kwa mauaji ya mke wake ambayo hakuyafanya, basi la wafungwa linapata ajali, anatokomea. Yule afisa anayemfuata, Tommy Lee Jones, alipata Oscar kwa haki kabisa. Si mtu mbaya, anafanya kazi yake tu, na presha inatoka hapohapo maana humchukii wala humtakii afanikiwe.

Shamba Mbozi
Zote tatu weka pembeni, tafuta North by Northwest ya 1959. Mtu wa matangazo ya biashara anadhaniwa ni jasusi ambaye hata duniani hayupo. Kuna sehemu anashuka kwenye basi, barabara tupu, jua linawaka, muziki hamna. Kwa mbali kijindege kinanyunyizia dawa shambani. Mara kinamgeukia yeye! Anaingia kwenye mahindi. Tuliokulia kwenye mahindi tunajua, mle unamkwepa mtu, dawa humkwepi. Kikamwagia humohumo mpaka akatoka mwenyewe.

Kiwira Juu
Shikamoo Mzee. Ni vijana wa kanisani, baada ya ibada ya jioni. Wazee wa kanisa nao watakuwepo.

Mzee wa Kabwe
Marahaba. Sasa si ungeanza na hilo! Ya Will Smith futa. Ushahidi wa mauaji anatumbukiziwa kwenye mfuko wake akiwa duka la nguo za ndani za kike. Mzee wa kanisa atazima jenereta kwa mkono wake. Condor nayo, mtekaji na mateka wanaishia kitandani.

Mtoto wa Sae
Lakini Condor ndiyo inayotisha kuliko zote. Jamaa kazi yake kusoma vitabu ofisini kwa CIA, basi. Anatoka kununua chakula cha mchana, anarudi wenzake wote wamelala chini. Halafu anapiga simu makao makuu kuomba msaada, na huko ndiko hatari iliko.

Fundi Uyole
Chochote utakachochukua, ile iliyotafsiriwa na DJ kwa sauti yake juu ya picha usiguse. Niliwahi kuitwa vijiji vya huko Rungwe kuonyesha hiyohiyo Fugitive, wakaniletea iliyotafsiriwa. Daktari yuko hospitali anapekua mafaili ya watu wenye mkono wa bandia, anamtafuta muuaji, ukumbi kimya, hata watoto wametulia. DJ akaropoka: "Huyu rafiki yake msimwone hivi, mchezo wote wake!" Watu wakaguna kama timu imefungwa dakika ya tisini. Nikasema potelea mbali, picha bado nzuri. Ikashuka mvua. Mvua ya Tukuyu kwenye bati unaijua wewe. Nikapandisha spika mpaka zikaanza kukoroma, bado watu wanaona midomo tu inacheza. Waliokaa nyuma wakaanza kudai hela yao, na hela alikuwa nayo mwenye ukumbi, keshaenda zake. Nikabaki mimi na projekta yangu kifuani.

Binti Ipogolo
Kwa hiyo na wewe umewaambia wasioiona kuwa rafiki ndiye adui. Una tofauti gani na DJ?

Fundi Uyole
Muvi ya 1993 hiyo dada, muda wa siri umeisha.

Shamba Mbozi
Ile treni inayogonga basi la wafungwa kwenye Fugitive lakini ni kompyuta.

Mtoto wa Sae
Kompyuta wapi! Waligongesha treni ya kweli, Dillsboro kule North Carolina, na mabaki wameyaacha palepale watu wanaenda kuyatazama.

Shamba Mbozi
Treni nzima waharibu kwa ajili ya picha? Sisi reli ya TAZARA kilomita 1,860 tulijengewa kwa jasho, ikaisha 1976, hakuna aliyewaza kuigongesha na basi.

Mzee wa Kabwe
Ujenzi ulimalizika 1975, mwaka uleule wa Condor. 1976 ni kukabidhiwa.

Shamba Mbozi
Kitu hakijakabidhiwa kimeishaje, Mzee?

Kiwira Juu
Wakuu, muvi jamani. Jamaa anakaribia kufunga.

Fundi Uyole
Yenye maandishi ya Kiswahili chini anayo? Maana kwa bati lile, hiyo ndiyo ya kuchukua, hata iwe ipi.

Kiwira Juu
Anayo ya Will Smith tu.

Mzee wa Kabwe
Mwe!