Mkataba wa utafiti hospitalini: uanzie kitengo cha sheria au kurugenzi ya utafiti?

Mleta mada: Ndugu wanajukwaa, mimi ni daktari katika hospitali ya rufaa hapa Tanzania, na pia nafundisha kwa muda katika chuo kikuu cha afya kilicho jirani. Wenzetu wa Ulaya wamenitumia rasimu ya mkataba wa utafiti wa kisukari cha wajawazito, kurasa 23, na mahali pa sahihi ya upande wetu wameandika jina langu. Niupeleke kitengo cha sheria cha hospitali, kurugenzi ya utafiti ya chuo, au kamati ya maadili ambayo tayari inanifahamu?

Wakili wa Bara: Daktari, kamati ya maadili iondoe kwenye hesabu, kwa kuwa kazi yake ni kumlinda mshiriki wa utafiti, wala haina mamlaka ya kuifunga taasisi kwa mkataba. Jina lako nalo litolewe: mtafiti mkuu anaweza kusaini kuthibitisha kwamba ameusoma na anaujua wajibu wake, lakini mwenye mkataba ni taasisi. Ipi kati ya hizo mbili? Tazama fedha zitaingia akaunti ya nani na wagonjwa watatoka wodi ya nani. Hata pale Muhimbili, hospitali ya taifa na chuo kikuu cha afya, MUHAS, viko eneo moja lakini ni taasisi mbili.

Mratibu wa Miradi: Ningeanzia kurugenzi ya utafiti. Mwanasheria atakukamatia vifungu vya fidia, haki ya kuchapisha na sheria ya nchi itakayotumika, lakini anayegundua kwamba bajeti imesahau gharama za maabara na fungu la uendeshaji la taasisi ni mtu wa ofisi ya utafiti, ambaye baadaye ndiye atakayeupeleka kwa wanasheria. Sisi tuliacha wetu masjala bila barua ya maelezo; karani alipoona neno "mkataba" akaupeleka manunuzi, ukakaa huko wiki saba, umegongwa muhuri wa "Imepokelewa", chini ya zabuni ya mashuka.

Muuguzi Mtafiti: Kama hospitali haina ofisi ya utafiti, andika barua kwa mganga mfawidhi kupitia mkuu wa idara yako. Sampuli zikitoka nje ya nchi, makubaliano ya kuzihamisha yanapitia NIMR, yaani Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na hayo hayamalizwi na mkataba mkuu.

Wakili wa Bara: Na taarifa za wagonjwa zikisafiri, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu. Ungekuwa utafiti wa majaribio ya dawa, TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, nao wangehusika.

Mleta mada: Nawashukuru. Fedha zitaingia chuoni na wodi ni ya hospitali, kwa hiyo nitaomba mkataba wa pande tatu, nianzie kurugenzi. Nimewaandikia wenzetu waliondoe jina langu. Wamejibu kwamba walidhani mimi ndiye ofisi.