Matokeo ya darasa zima kwenye kundi la WhatsApp: ajibu mwalimu au mwajiri wake?

Mwanzisha mada (mwalimu, sekondari ya serikali)

Habari zenu wakuu. Nina hoja, naomba tuijadili bila kushikana mashati.

Shule ikikaribia kufungwa, mwalimu wa darasa anaambiwa matokeo yawafikie wazazi kabla ya saa kumi. Hajapewa simu ya kazi, hajapewa mfumo, hajapewa hata bando. Anafanya analoweza: anachukua faili la darasa zima, jina, alama za kila somo, wastani, nafasi, wa kwanza mpaka wa mwisho, analitupia kwenye kundi la wazazi. Wazazi wa watano bora wanajibu kwa pongezi na maua. Mzazi wa aliyeshika mkia ananyamaza. Jioni faili lilelile liko kwenye makundi ambayo hata mwalimu mwenyewe hayajui.

Zamani ingeishia hapo. Sasa kuna sheria za kulinda taarifa binafsi za watu. Kenya na Uganda walitunga zao mwaka 2019. Tanzania ilitunga ya kwake 2022, ikaanza kutumika Mei 1, 2023, na inaziweka taarifa za watoto kwenye fungu la taarifa nyeti. Kenya inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulika na taarifa za mtoto, na mwaka 2023 shule moja huko ilipigwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka mtandaoni picha za wanafunzi bila ridhaa hiyo. Tangu hapo, vikaoni wimbo ni mmoja: "Mwalimu, ukituma, shingo ni yako."

Mimi nasema hapana. Anayekusanya taarifa ni taasisi. Fomu ya kujiunga imeandikwa na taasisi, rejista ni ya taasisi, amri ya kutuma imetoka kwa mkuu. Huwezi kumtuma mtu kisha ukamruka mbele ya polisi. Ajibu mwajiri kwanza, na mwalimu aulizwe baada ya kuwa amepewa vifaa na maelekezo ya maandishi akayakiuka. Karibuni.

Mzazi

Mwalimu, shikamoo na pole kwa kazi. Ila hapo kwenye "mwajiri kwanza" sikubaliani nawe.

Mimi nililetewa faili kama hilo. Kwenye simu halikuonyesha ajabu yoyote. Nikalifungua kwenye kompyuta ili nichape nakala, nikaona herufi za juu zinaruka, kutoka F zinakwenda J. Safu zilikuwa zimefichwa. Kuzifichua ni kubofya mara moja tu. Humo ndani: "yatima", "anatumia dawa", "mama anauza pombe", na mtoto mmoja, ambaye jina lake silitaji hata kwa mafumbo, kaandikiwa "baba yuko jela". Watoto wa darasa zima, na faili liko kwenye simu za wazazi wote.

Sasa niambie, ni waziri gani aliyemwagiza mwalimu aandike "mama anauza pombe"? Hiyo si kukosa bando. Huko ni kumwaga mchele penye kuku wengi, na aliyeshika gunia ni mwalimu.

Mwanzisha mada

Mama, hapo kwa baba wa mtoto sina utetezi, na kwa pombe pia sina. Lakini hizo safu nyingine wacha nieleze zinatoka wapi, kwa sababu mzazi haoni upande huu.

Mara leo inatakiwa idadi ya yatima, kesho wenye mahitaji maalumu, keshokutwa wanaotembea umbali mrefu. Kila takwimu inadaiwa kwa haraka, na kila moja inamwangukia mwalimu wa darasa. Anajenga faili moja ambalo ndani yake kuna kila kitu, maana hana muda wa kujenga matano. Siku ya matokeo anaficha safu asizotaka zionekane, akiamini zimeondoka. Hazijaondoka. Kuficha safu kwenye Excel ni kuikunja tu. Anayetaka kuwa salama anakili alama peke yake kwenye faili jipya tupu, au anatuma PDF iliyotengenezwa baada ya safu hizo kufutwa kabisa.

Nani alipaswa kumwambia hivyo? Chuo cha ualimu? Mkuu? Ofisi ya elimu iliyomdai takwimu? Ndiyo maana nashikilia kwamba mwajiri ndiye wa kwanza.

Mkuu wa shule mstaafu

Vijana wangu, mnakuza mambo. Sisi matokeo yalibandikwa ubaoni, kila apitaye anasoma. Aliyefeli alijua amefeli, akajifunga kibwebwe. Leo mtoto akiwa wa mwisho ni siri ya serikali?

Na msitutishe na za ng'ambo. Marekani wana sheria ya kumbukumbu za wanafunzi tangu 1974, inaitwa FERPA. Mama mmoja wa Oklahoma alikwenda mahakamani kwa sababu watoto wanasahihishiana majaribio kisha alama zinasomwa kwa sauti darasani. Mwaka 2002 Mahakama ya Juu ikasema sheria haijavunjwa, na hakuna jaji aliyepinga matokeo hayo. Basi.

Mwanzisha mada

Shikamoo mzee. Kesi hiyo ipo, ila umeisoma nusu. Mahakama ilisema karatasi iliyo mikononi mwa mwanafunzi mwenzako anayekusahihishia bado haijawa kumbukumbu inayotunzwa na shule. Haikusema orodha ya mwisho wa muhula, ikishatoka kwenye vitabu vya shule, isambazwe kwa kila mwenye simu.

Na ubao wa tangazo ulikuwa na ukuta mmoja. Mvua ikinyesha, karatasi imekwisha. Hili faili la leo mtoto atakutana nalo akiwa na miaka thelathini.

Kuhusu kibwebwe, hata wenye mitihani wenyewe wameanza kulegeza. Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne liliacha kutaja shule kumi bora na watahiniwa kumi bora. Wapo waliolaumu, sawa. Lakini sijaona darasa lililoacha kusoma kwa sababu hiyo.

Fundi wa mifumo

Naingia kwa upande wa mwanzisha mada, kwa sababu tofauti na zake.

Kenya sheria inaitaka taasisi inayotunza taarifa za watu imjulishe Kamishna wa ulinzi wa taarifa ndani ya saa 72 tangu ijue kwamba zimevuja na kuna hatari ya kweli kwa mwenye taarifa. Vizuri. Sasa mwalimu kaibiwa simu yenye picha za rejista na vyeti vya kuzaliwa vya darasa zima. Akiripoti, shingo yake. Asiporipoti, pengine hakuna atakayejua. Mnadhani atafanya nini? Ukimwekea mwalimu adhabu mlangoni, hizo saa 72 hazitaanza kuhesabiwa kamwe, maana hakuna atakayeambiwa. Mahali pa kwanza pa kulinda taarifa ni pale mtu anapoweza kusema "nimepoteza" bila kutetemeka.

Pili, taarifa nyingi zinapotea juu kabisa, mahali ambapo mwalimu hafiki. Shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch walichunguza bidhaa zaidi ya 160 za kusomea mtandaoni zilizopendekezwa na serikali za nchi 49 wakati wa korona. Walitoa ripoti 2022: karibu tisa kati ya kila kumi zilionekana kushughulika na taarifa za watoto kwa njia inayohatarisha au kuvunja haki zao. Zilipendekezwa na serikali, si na mwalimu wa zamu. Desemba 2024 wezi waliingia kwenye PowerSchool, mfumo unaotunza kumbukumbu za mamilioni ya wanafunzi Marekani na Kanada, kwa nywila ya wizi kupitia mlango wa huduma kwa wateja. Kampuni ikalipa ili taarifa zifutwe. Mei 2025 baadhi ya wilaya za shule zikaanza kutishiwa upya kwa taarifa zilezile. Walimu wao walikuwa wamekosa nini? Za kwao pia ziliibiwa.

Mzazi

Fundi, nimekuelewa. Basi si watupe fomu ya ridhaa tusaini, kila mtu awe salama?

Fundi wa mifumo

Dada yangu, hiyo fomu ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko yote. Skellefteå, Sweden, shule ya umma ilijaribu kuchukua mahudhurio kwa kamera inayotambua nyuso, wanafunzi 22, wiki tatu hivi. Ridhaa walikuwa nazo. Mwaka 2019 mamlaka ya ulinzi wa taarifa ya huko ikaipiga faini ya krona 200,000 na kusema ridhaa hiyo haina uzito, kwa sababu mwanafunzi yuko chini ya shule na hana uhuru wa kweli wa kukataa. Wewe ukiletewa fomu ya kujiunga, ukurasa wa nne, mstari wa mwisho, "nakubali picha na taarifa za mwanangu zitumike", na nyuma yako kuna foleni, utakataa?

Mzazi

Nilishasaini. Wala sikusoma.

Mwalimu wa ushauri nasaha, shule ya msingi

Jamani, naona wote mnazungumza kama vile hatari ni moja tu, ya kusema. Mimi naogopa na ile ya kunyamaza.

Walimu wenzangu wameanza kuniambia, "Siwezi kuripoti, ni taarifa binafsi za mtoto." Mtoto ana michubuko ya mkanda mapajani, mwalimu ameiona, anajificha nyuma ya sheria ya faragha! Hiyo sheria haikutungwa kumlinda mpigaji. Kenya, waraka namba 3 wa 2010 wa Tume ya Huduma za Walimu unamtaka mwalimu mwenye taarifa au shaka kwamba mwanafunzi amedhulumiwa kingono aripoti ndani ya saa 24. Hata hiyo FERPA ya mzee wetu inaruhusu shule kutoa taarifa bila ridhaa pale afya au usalama vinapokuwa hatarini.

Mtoto akinijia akasema, "Mwalimu, nikwambie kitu lakini usimwambie mtu," jibu langu ni lilelile kila mara, na nalitoa kabla hajaanza: "Siwezi kukuahidi hivyo. Ukiwa hatarini nitamwambia mtu wa kukusaidia, na nitakwambia ni nani." Wapo wanaonyamaza wakaondoka. Inauma. Lakini wengi hurudi, na hawarudi kwa aliyewahi kuwadanganya.

Halafu nikishamwambia anayehusika, imeishia hapo. Ofisi ya walimu haihusiki. Hapo, mwanzisha mada, ndipo ninapokubana: nusu ya siri za watoto hutoka kwenye chai ya saa nne, si kwenye kompyuta. "Yule wa darasa la sita, si mnajua mama yake..." Hakuna mfumo wala bando litakaloziba mdomo huo. Huo ni wa mwalimu mwenyewe na ajibu mwenyewe.

Aliyemaliza kidato cha nne

Mnajadili wazazi, waajiri na walimu. Naongeza kimoja. Nilipokuwa shule nilipewa sare na taulo za kike na wafadhili. Tulipangwa mstari, tukapigwa picha tukiwa tumeshika pakiti, ikawekwa kwenye ukurasa wa shule na majina chini. Picha iko hewani mpaka leo. Aliyetupanga mstari ni mwalimu, aliyetaka picha ni mfadhili, aliyeiweka ni ofisi. Mkimaliza kugawana lawama, naomba mmoja wenu aifute.

Mwanzisha mada

Binti, mwandikie mkuu wa shule barua, taja tarehe na kiungo cha ukurasa, omba kwa maandishi iondolewe na ubaki na nakala. Wakikaa kimya, peleka malalamiko kwenye mamlaka ya ulinzi wa taarifa ya nchi yako. Kenya ni ofisi ya Kamishna, Tanzania ni Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Si lazima uwe na wakili.

Mwalimu wa nasaha, la chai ya saa nne nalipokea, na la safu ya "mama anauza pombe" nililipokea tangu asubuhi. Anachoongeza mwalimu kwa mdomo au kalamu yake bila kutumwa, ajibu yeye. Alichotumwa, na kwa chombo alichokosa kupewa, ajibu aliyemtuma. Sisogei hapo.

Kuhusu matokeo, mimi sasa natuma ya kila mtoto kwa mzazi wake peke yake. Nafasi ya mtoto naiandika, majina ya wenzake hayamo. Kwa darasa la sitini inakula jioni nzima, na nimeshaambiwa nachelewesha.

Mkuu wa shule mstaafu

Jioni nzima ya mwalimu mmoja, kwa bando lake. Na walio na darasa la mia na ishirini je? Hapo ndipo mjadala wenu ulipaswa kuanzia.

Mwanzisha mada

Ndiyo hoja yangu, mzee. Nani alipe hiyo jioni?