Waini ya Dodoma na ya Stellenbosch, mnaelezeaje ladha?

Zabibu_Mbivu: Wakuu habari zenu, nina chupa mbili hapa, nyekundu ya Makutupora ya Dodoma na Pinotage ya Stellenbosch, Afrika Kusini, nataka nizilinganishe ila kila nikionja naishia kusema "kali" au "tamu" basi. Nyie mnaanzia wapi?

mlonji: Anzia puani mkuu. Mimina theluthi ya glasi, zungusha, vuta harufu, ndo upige funda ulishikilie mdomoni kidogo. Mate yakijaa pembeni ya ulimi hiyo asidi, fizi zikikauka kama umekula bibo hiyo tanini, inatoka kwenye maganda na mbegu. Wengi wanavichanganya hivyo viwili.

Kaka wa Area C: Pinotage ni chotara wa aina mbili za zabibu, Pinot Noir na Cinsaut, alizichanganya profesa Abraham Perold hukohuko Stellenbosch 1925, tafuta moshi na zambarau zilizoiva. Huku Dodoma jua linawaka na tunavuna mara mbili kwa mwaka, usitegemee ifanane na ya kwenye baridi. Mfano waini nyeupe ya Riesling ya Mosel kule Ujerumani asidi yake iko juu sana na ikikaa miaka inanukia mafuta ya taa, na wala haijaharibika!

mama_J: Kama uko Dar iweke kwenye friji dakika 20 kwanza, ikiwa ya moto utanusa pombe tupu.

Zabibu_Mbivu: Bibo kweli aisee! Pinotage imenikausha fizi zote, asanteni sana