Panzi wanaonuka kwenye muhogo: nipige dawa au niwaache?

Bint_Wingwi:
Assalaam alaykum. Nina konde ya muhogo huku Wingwi, Pemba, na mwaka huu imeingiliwa na panzi. Si wale wa kijani wa kwenye majani. Hawa ni wazito, wavivu wa kuruka, mabawa mafupi, rangi za manjano na nyeusi, vipapasio vina pete za chungwa. Ukimshika anatoa harufu mbaya. Vitoto vyeusi vyenye madoa utavikuta asubuhi vimerundikana juu ya mti mmoja wa muhogo hata jani hulioni. Yakisha majani wanakwangua ganda.

Jirani anasema ndio nzige hao, wakikua wataruka wote. Ana bomba la dawa na yuko tayari kunipigia, tena anataka tupige na kwenye minazi ya mpakani tuwaue majimoto, wale chungu wakali wa juu ya miti. Ni nzige kweli? Na kama mbung'o walimalizwa Unguja, panzi inashindikana nini?

Mkwezi_Mstaafu:
Waalaykumu salaam, mwanangu. Mwambie jirani aweke bomba chini kwanza.

Hao si nzige. Nzige ni panzi wa aina chache tu ambao wakibanana hubadilika rangi na tabia, wakawa kundi la kusafiri nchi hadi nchi. Huyo wako kitaalamu ni Zonocerus elegans. Vitoto vyake hukaa kwa mirundo, ndiyo maana watu huchanganya, lakini wakubwa wengi mabawa hayawafikishi popote. Rangi na harufu ni za kuwaambia ndege kuwa hawaliki.

Huzaliana mara moja kwa mwaka, na hapo ndipo pa kuwashika. Majike hukusanyika pahala pamoja, aghlabu kwenye kivuli pembezoni mwa konde, wakazamisha mkia udongoni na kutaga. Ukifukua utakuta vifuko vya povu lililokauka, ndani mayai makumi yamepangika kama punje za mchele. Ukiwaona majike wamesongamana chini, chomeka kijiti, kisha rudi na jembe uyatoe mayai juani. Mayai hayo hukaa ardhini miezi mingi, kwa hiyo muda unao. Na mfukue na makonde ya jirani, maana ukifukua lako peke yako watakuja kwa miguu. Vitoto vikishatoka, amka mapema kabla jua halijavipasha moto, uvikung'utie ndani ya ndoo ya maji ya sabuni.

Mbung'o usimlinganishe na panzi. Mbung'o jike kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani, na hatagi, huzaa buu mmoja mmoja. Ndiyo maana ile njia ilifaa: madume walifugwa Tanga, wakafanywa tasa kwa mionzi, wakamwagwa kwa ndege juu ya Unguja kuanzia 1994. Jike akipata dume tasa, uzazi umekwisha. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa Septemba 1996. Panzi anataga makumi kwa mkupuo, hiyo hesabu nyengine.

Sasa majimoto. Nimekwea minazi kabla sijawa bwana shamba, na chungu hawa wamening'ata pahala ambapo siwezi kupaandika hapa. Huuma, kisha humwaga tindikali kwenye kidonda, nawe umening'inia na kuti mkononi. Pamoja na hayo nasema waache. Kuna mdudu wa hudhurungi anayefyonza vidaka vichanga. Kidaka kinaota makovu, kinatoka utomvu, kinaanguka. Mtaalamu wa wadudu M. J. Way alilichunguza jambo hili hapa Zanzibar kwenye miaka ya 1950, hata mdudu mwenyewe akaitwa kwa jina lake, Pseudotheraptus wayi. Mnazi uliojaa majimoto mdudu huyo hakai. Majimoto wakifukuzwa, na mara nyingi wanaowafukuza ni chungu wadogo wenye vichwa vikubwa wanaokaa chini ya shina, vidaka vinapukutika. Jirani akipiga dawa atakuwa amewafanyia kazi hao wa chini.

Ngezi_Usiku:
Naongeza kwa sababu natembeza wageni msituni Ngezi. Bomba halichagui. Wale mbawakawa weusi wenye mikanda ya rangi wanaokula maua ya bamia, buu wao hula mayai ya panzi huko huko ardhini. (Usiwashike kwa mkono mtupu, majimaji yao yanatoa malengelenge.) Na ukimkuta panzi amekufa huku amekumbatia ncha ya jani, kichwa juu, usimtoe. Ameuliwa na ukungu, na unga unaomtoka utawaambukiza wenziwe.

Halafu usidhani panzi ni huyo mmoja. Kelele za usiku si za panzi wa mchana, ni za nyenje na za jamaa wa senene wale wanaoliwa Bukoba: vipapasio virefu kuliko mwili, wanalia kwa kusugua bawa kwa bawa, na masikio yao yako kwenye miguu ya mbele. Panzi wa mchana husugua paja kwenye bawa, sikio lake liko ubavuni chini ya bawa. Mmulike mmoja wa hao jamaa wa senene kwa tochi utamwona bawa lina mishipa ya jani, hata sehemu iliyooza imechorwa. Wote hao ni chakula cha bundi mdogo wa Pemba, ambaye duniani kote yuko kisiwani kwetu tu. Mashamba ya mikarafuu pia anaishi, si Ngezi peke yake.

Bint_Wingwi:
Ahsanteni. Vijiti nimeshaanza kuchonga. Tabu iliyobaki ni mkwezi wangu, kaapa hapandi tena mpaka majimoto waondoke.

Mkwezi_Mstaafu:
Mwongeze ujira.